Kilomita za Usiku Ule

"Dada, hicho kioo nimekiona mimi kwanza."

"Umekiona kwa macho, kaka. Mimi nimekishika. Sokoni hanunui mwenye macho, ananunua mwenye mkono."

Ndivyo walivyokutana, katikati ya soko la spea, jua la mchana limesimama utosini, wauza rimu wanagonga vyuma na wauza matairi wanaitana kwa sauti za kukauka. Kioo chenyewe kilikuwa cha duara, kikubwa kama kiganja, cha kufunika geji za pikipiki za zamani ambazo hazitengenezwi tena. Kilikuwa kimoja tu mezani, na wateja walikuwa wawili.

Mwanamke alivaa gauni la kijani lenye mikono iliyokomea juu ya viwiko na kitambaa cha njano kichwani. Shingoni, mahali ambapo wenzake huning'iniza kidani, yeye alining'iniza kioo cha fundi saa cha kukuzia vitu vidogo. Mwanamume alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kwenye kola, viatu vinang'aa, ananukia poda. Watu wa namna yake hawaonekani sana kwenye soko la spea. Kwapani alibana kitu kilichofungwa ndani ya taulo.

"Umebeba nini humo? Mtoto?" mwanamke akauliza.

Akafungua taulo. Ilikuwa geji ya spidi ya pikipiki, kioo kimepasuka, mshale umelala, namba za kilomita zimefunikwa na ukungu wa miaka.

"Masikini wee," mwanamke alisema, akiiambia geji, si mwenye geji. "Nani kakufanya hivi?"

"Sijui," mwanamume akajibu mbio mbio.

Asiyejua kitu hajibu haraka vile. Lakini mwanamke hakuwa akimsikiliza yeye. Alikuwa ameiweka geji sikioni, anaitikisa taratibu.

"Inapona," akasema. "Mimi hapa wananiita Dada Geji. Natengeneza saa, geji, mizani, kila kitu chenye mshale. Na wewe?"

"Mimi ni kinyozi."

"Naona. Umejinyoa mwenyewe leo?"

"Ndiyo."

"Shavu la kushoto umeruka nywele tatu."

Mkono wa Kinyozi ukaruka shavuni. Hapakuwa na hata unywele mmoja. Dada Geji alicheka mpaka muuza kioo akacheka naye, na kabla jasho halijamkauka Kinyozi, kioo kilikuwa kimenunuliwa, na geji imekwenda na mwanamke ikatibiwe.

Sasa tuseme habari ya pikipiki, maana bila hiyo huyu Kinyozi hatumjui.

Ilikuwa nyuma ya nyumba ya baba yake, chini ya turubai, tangu yeye yuko shule. Baba alikuwa tarishi wa ofisi, na mpaka leo mtaa mzima unamwita Mzee Tarishi. Alipeleka barua na vifurushi kwa pikipiki ile, akiwa na koti lenye vifungo vya shaba. Kisha akaiegesha, akaifunika, asiipande tena. Panya wakala kiti, kuku wakataga chini ya ekzosi. Mwaka huu mzee akasema, "Nimepata mtu wa vyuma chakavu. Aje aichukue."

"Baba, niachie mimi," Kinyozi akadakia. "Nitaitengeneza."

"Ya nini?"

"Basi tu, baba."

Hiyo "basi tu" ilikuwa na mkia mrefu. Zamani hizo, ndevu zake zikiwa bado za kuhesabika, Kinyozi aliiba pikipiki ya baba yake usiku kwenda kumwona msichana upande wa pili wa mji. Alijua baba atagundua. Pikipiki ile haina geji ya mafuta. Mzee akijaza tenki hushika namba ya kilomita kichwani, na akishaishika anajua zikifika wapi mafuta yatakuwa yanakaribia kwisha. Namba zile alizijua kama umri wa mwanawe. Kijana akaona ujanja. Akafungua nati ya waya wa spidi pale unapoingia kwenye gurudumu la mbele, akaufunga waya pembeni kwa kamba ya kiatu chake cha shule, akaondoka. Gurudumu linazunguka, namba zimelala. Msichana hata hakutoka nje. Kijana akarudi amechoka, akajiambia nati ataifunga kesho.

Kabla hakujapambazuka, mama yake akabanwa na pumu. Baba akamtoa nje, akatupa jicho kwenye namba, namba zikamwambia mafuta yapo, akampakia wakaondoka. Yaliisha katikati ya barabara tupu. Mzee alipopapasa bomba la mafuta ya akiba chini ya tenki alikuta limekwisha kugeuzwa, hata hayo yametumika. Mpaka gari la watu wema lilipotokea, mama alikuwa amekata roho mikononi mwa mumewe.

Msibani, mbele ya wajomba na mashangazi, baba alisema, "Nilihesabu vibaya. Mimi ndiye niliyemuua mke wangu." Mwanawe alikuwa ameketi pale pale. Hakusema neno.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikuwa ndefu, na kila asubuhi ilipita mbele ya turubai lile. Hatia ilimla Kinyozi kama mchwa anavyokula mlango: nje rangi nzima, ndani unga mtupu. Ndiyo maana aliing'ang'ania pikipiki. Alijiambia ikipona, labda naye atapona bila kusema.

Jumatatu vinyozi hupumzika. Kila Jumatatu asubuhi alikuwa uani, amelowesha kabureta kwenye mafuta ya taa, anasugua kutu, anabadilisha plagi na tairi. Kila kitu alikigusa isipokuwa kile kimoja. Nati ile ya gurudumu la mbele angeifunga kwa muda wa kupiga chafya, na kamba ya kiatu akaitupa jalalani, mambo yakaisha. Kila Jumatatu alisema leo, na kila Jumatatu mkono ulikwepa. Usiniulize kwa nini. Pengine kuna mtu ndani yetu ambaye huchoka kujificha kabla yetu.

Jumatatu mchana alikwenda "kuulizia geji."

Chumba cha Dada Geji kilikuwa chini ya ngazi za jengo la maduka, kichwa cha mtu mrefu kinagusa dari. Ukutani saa zilijaa, kila moja na wakati wake.

"Sasa hapa ipi inasema kweli?" Kinyozi aliuliza mara ya kwanza.

"Hakuna. Zote wagonjwa. Saa nzima ikija hapa imepotea njia."

Akamketisha karibu, akamwonyesha. Grisi ya ndani ilikuwa imeganda kama lami, vigurudumu vya namba vimeshikana. Aliviosha kwa brashi ya manyoya, akavipuliza, akavitia tone la mafuta kwa ncha ya sindano.

"Angalia huu uzi wa chuma," akasema, akimvika kile kioo chake jichoni, vidole vyake vikichelewa kidogo kwenye paji la uso la Kinyozi. "Mwembamba kuliko unywele wa mtoto. Ndio unaorudisha mshale kwenye sifuri. Ukipinda, geji itasema uongo maisha yake yote."

"Haunyoosheki tena?"

"Unanyoosheka. Kwa subira. Ila lazima kwanza ujue ulipinda wapi."

Kinyozi akahamishia macho ukutani, kwenye saa.

"Na namba nizirudishe sifuri? Wengi wanapenda, pikipiki inaonekana mpya."

"Hapana! Usiziguse!"

Dada Geji akainua nyusi. "Haya, Bwana Mkasi. Usinikate."

Jina likaganda hapo hapo. Kuanzia siku hiyo simu zikawa haziishi.

"Halo, Bwana Mkasi."

"Halo, mpenzi. Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Mgonjwa yupi? Wewe au geji?"

"Mimi naendelea vibaya. Leo nimemnyoa mteja mmoja huku nakuwaza wewe, nimemwachia njia ya panya kisogoni."

"Akasema nini?"

"Hajajua bado. Iko nyuma."

"Mungu akusamehe! Umekula lakini?"

"Nimekula. Nimekumiss."

"Kumiss gani, jana ulikuwa hapa mpaka mlinzi akakutoa."

Walipendana hivyo, kwa vicheko, na Kinyozi alikuwa na furaha ambayo kila ikimjia aliitazama kama mtu aliyevaa nguo ya kuazima. Alijua siku yoyote mwenye nguo atabisha hodi. Jioni moja, simu ikiwa sikioni, akashindwa kuvumilia.

"Kuna kitu nilifanya zamani. Kinahusu hiyo pikipiki."

"Uliiiba?"

Kinyozi akahamishia simu sikio la pili.

"Natania, roho yangu. Sema."

"Siku nyingine."

"Haya, siku nyingine. Mimi nimezoea kungoja. Ila usikae nacho mpaka kikaota kutu, maana kutu naijua mimi. Inashika."

Geji ilipokamilika, Dada Geji hakumwambia. Alitaka kumshtua kwa furaha. Jumatatu asubuhi alivaa gauni la bluu lenye maua meupe, hereni ndogo na viatu vya wazi, akaifunga geji ndani ya taulo lile lile, amelifua na kulipiga pasi. Akamkuta Kinyozi uani, mikono myeusi kwa grisi, na mzee kwenye kigoda anamwelekeza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe ndiye wewe daktari wa mishale? Huyu tangu akujue ananyoa watu huku anaimba. Wateja wanalalamika."

"Anaimba vizuri, baba?"

"Angekuwa anaimba vizuri wangelalamika?"

Wakacheka. Kinyozi naye alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye gurudumu la mbele. Dada Geji alifunga geji juu ya taa, kioo kikang'aa, mzee akavaa miwani, akainama kuzisoma namba, midomo ikimtikisika.

"Ndizo," akasema polepole. "Ndizo hizo. Unajua, mwanangu, pikipiki hii haina geji ya mafuta. Namba hizi ndizo zilikuwa geji yangu. Siku moja nilizihesabu vibaya."

Dada Geji hakujua mzee anasema nini. Akatandika taulo chini, akapiga goti kando ya gurudumu.

"Acha hapo, mpenzi, nitafunga mimi," Kinyozi akasema.

"Wewe kakate kucha na nywele. Chuma niachie." Akaingiza mkono nyuma ya uma unaoshika gurudumu. "Ah! Mimi nilidhani waya umekatika. Haujakatika, baba. Umefunguliwa, tena ukafungwa pembeni. Na nini hii? Kamba ya kiatu!" Akaivuta, nyeusi, imechakaa, fundo bado lipo. "Hapa nyumbani ulikuwa na mwizi! Huu ni ujanja wa vijana wanaoiba pikipiki za baba zao. Pikipiki inakwenda, namba zinalala. Mwizi wako ndiye huyu Bwana Mkasi, nini?"

Alicheka peke yake.

Mzee alinyoosha mkono, akaichukua kamba. Akaigeuza mara mbili.

"Ukifunguliwa hivi, namba hazisogei hata kidogo?"

"Hata kidogo, baba."

"Hata ukienda mbali?"

"Hata ukienda mwisho wa dunia."

Mzee akaikunja kamba kiganjani. "Karibu tena, mwanangu," akamwambia Dada Geji kwa adabu yote, akaingia ndani, akafunga mlango.

Kinyozi alimfuata Dada Geji mpaka getini.

"Umefurahi?"

"Kwani nimefanya nini?"

"Ulijua. Siku ile kwenye simu uliniuliza kama niliiba. Ukaja kunivua nguo mbele ya baba yangu."

"Nijue kwa kuambiwa na nani? Wewe umewahi kuniambia nini? Hebu niambie sasa, kuna nini?"

"Nenda tu."

"Unanifukuza?"

"Nimesema nenda."

Dada Geji akalitazama gauni lake la maua, pindo lina vumbi. "Sawa. Naenda. Lakini ujue, Bwana Mkasi, mimi nilikuja na geji tu. Kingine chote nilikikuta pale."

Akaondoka, taulo hakulikumbuka.

Jioni alipiga simu, Kinyozi akaiangalia ikilia mpaka ikakata. Kesho yake Kinyozi akapiga, naye Dada Geji alikuwa amezima. Mapenzi ya simu yana ubaya huo: mkigombana, chombo kile kile kilichokuwa kikiwaunganisha ndicho kinachowanyima. Chini ya ngazi, Dada Geji aliharibu saa mbili za watu. Alikuwa akiurudia mzaha wake kichwani, neno kwa neno, na kila akifika kwenye "mwizi" alisikia aibu inampanda shingoni. Hakujua kosa lake ni nini, ila alijua amecheka mahali pa kilio.

Nyumbani, Mzee Tarishi aliitikia salamu, akala, akalala. Hakuuliza. Kutoulizwa huko ndiko kulikomchoma mwanawe. Kila akifungua mdomo kusema "baba," neno lililofuata lilikuwa "chumvi" au "maji." Alijidharau. Alikuwa mwanamume mzima mwenye kiti chake cha kunyolea na wateja wanaomwita fundi, na bado alikuwa yule kijana wa msibani, ameketi, ameuma ulimi.

Basi siku moja mchana, soko limechangamka, mlangoni mwa chumba cha chini ya ngazi likaingia koti la zamani lenye vifungo vya shaba.

"Shikamoo, baba," Dada Geji akasimama haraka, kichwa kikagonga ngazi.

"Marahaba. Pole." Mzee akaketi, akaiweka kamba ya kiatu mezani, katikati ya bisibisi ndogo ndogo. "Nimekuja kwa fundi, sikuja kwa mchumba wa mwanangu. Waya ule unaweza kujifungua wenyewe? Kwa mtikisiko wa barabara?"

Kisha akamweleza. Habari ya mama, ya namba, ya mafuta yaliyokwisha mahali ambapo namba zilisema bado yapo. Aliieleza kwa sauti ya mtu anayesoma anwani juu ya bahasha. Sasa Dada Geji alijua mzaha wake ulikuwa umemwangukia nani, na alijua kile ambacho Kinyozi alitaka kukisema kwenye simu. Neno moja la uongo, nalo dogo, lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Ndiyo, baba, mitikisiko inafungua nati. Lingemwokoa ampendaye, lingemrudisha mlangoni kwake.

"Baba," akasema, "nati inaweza kujilegeza." Akaigusa kamba. "Fundo halijifungi."

Mzee akainamisha kichwa. "Nilijua. Nilikuja nikitumaini utanidanganya."

"Nisamehe, baba. Swali hilo lina mwenyewe. Nimpigie?"

Mzee akakubali kwa macho. Safari hii Kinyozi alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Mpenzi! Nisikilize, mimi..."

"Nisikilize wewe. Baba yako yuko hapa kwangu. Ana kamba yako ya kiatu. Mimi sitakusemea. Njoo useme mwenyewe."

"Siwezi."

"Utaweza. Uliweza kuendesha pikipiki ya wizi gizani, hapa ni kwa miguu tena mchana."

"Na nisipokuja?"

"Usipokuja leo, usije tena."

Alikuja. Alikuja na koti lake jeupe la kazi, wembe bado mkononi, na inasemekana mteja wake alibaki kwenye kiti na povu shavu moja, akamaliziwa na jirani. Akasimama mlangoni. Hakuthubutu kuketi.

"Baba, ni mimi. Niliichukua usiku ule. Nilifungua waya usijue. Nilimaliza mafuta, nikatumia na ya akiba. Namba zilikudanganya kwa sababu yangu."

"Ulikwenda wapi?"

"Kwa msichana."

"Alikuwa mzuri?"

"Hakutoka nje, baba."

Uso wa mzee ulikunjamana. Dada Geji alidhani anacheka, kumbe machozi yalikuwa yanatafuta njia.

"Msibani nilisema nimemuua mke wangu. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Ukaniacha niubebe mzigo ule miaka yote hii."

"Nilikuacha, baba. Niliogopa. Kisha nikaona aibu kwamba niliogopa. Nisamehe."

"Ngoja. Usiniharakishe."

Saa zote zile za ukutani zikawa zinagonga, kila moja kivyake. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, asiivae.

"Nilikuwa na tabia," akasema. "Kabla ya kupiga kiki naitikisa pikipiki, nasikiliza tenki. Mafuta mengi yana sauti nzito. Asubuhi ile niliitikisa. Ililia nyepesi. Nilisikia kwa masikio haya. Mama yako anatafuta pumzi, mimi nikatazama namba, namba zikasema yapo, nikazipenda namba kuliko masikio yangu. Na jirani alikuwa na gari, ukuta kwa ukuta. Sikumgongea, niliona nitachelewa. Hilo sijamwambia mtu yeyote mpaka leo."

Kinyozi akapiga magoti pale mlangoni, koti jeupe kwenye vumbi la vyuma.

"Siwezi kukwambia si kitu," mzee akaendelea. "Ni kitu. Nina hasira nawe hata sasa hivi, na nitakuwa nayo kesho. Lakini haukuwa mzigo wa mtu mmoja. Wewe umeubeba kivyako, mimi kivyangu, nyumba moja, meza moja. Tuubebe pamoja sasa. Inuka, utaharibu suruali."

Akamwinua. Walishikana vibaya vibaya, kama watu wasiozoea, vifungo vya shaba vikikwama kwenye koti la kinyozi. Dada Geji akageukia ukutani, akajifanya anatia saa ufunguo.

"Kwenda na kurudi zilikuwa kilomita ngapi?" mzee akauliza alipotulia.

"Arobaini na mbili, baba. Nimeipita njia ile mara nyingi tangu hapo. Nimezihesabu."

Mzee akamgeukia fundi. "Mwanangu, namba zile zinaweza kuongezwa?"

"Zinaweza, baba."

"Ziongeze. Nataka zisome kweli."

Jumatatu iliyofuata geji ilifunguliwa uani, juu ya lile taulo. Dada Geji alikuja na gauni la kazini, la kijani. Kwa muda walifanya kazi bila kutazamana.

"Nilikufukuza wewe," Kinyozi akasema hatimaye, "kumbe nilitaka kumfukuza aliyeniona. Nisamehe, mpenzi."

"Na mimi nilitania juu ya kidonda. Nimekesha nikijiona mbaya siku zote hizi."

"Hukujua."

"Kutojua hakukunisaidia kulala." Akamvika kioo chake jichoni, akamshikisha koleo ndogo. "Haya. Kilomita zako, mkono wako."

Alizungusha kigurudumu cha mwisho, namba moja baada ya nyingine, Dada Geji amemshika kiwiko. Alipofika arobaini na mbili akasimama. Wakafunga kioo, wakafunga nati ya waya pale chini, wakaikaza.

Kiki ya kwanza ilikohoa. Ya pili ikatema moshi. Ya tatu injini ikashika, kuku wakatawanyika, na mzee akatoka ndani na viatu mkononi, soksi miguuni. Alisimama akaisikiliza, kichwa upande. Kisha akainua kiganja.

"Zima kwanza. Fungua tenki."

Kinyozi akafungua. Mzee akainama akachungulia kwa macho yake, akachovya kijiti, akakitazama kwenye jua, akakinusa. Ndipo akarudisha kifuniko mwenyewe.

"Nendeni."

Barabarani Dada Geji alimshika kiunoni, ncha ya kitambaa cha njano ikipepea, mshale wa geji ukipanda taratibu pale ulipostahili.

"Inasema kweli?" Kinyozi akapiga kelele.

"Nimeitengeneza mimi! Unaniuliza swali gani?"

"Nikupeleke wapi, mke wangu?"

"Mke wa nani? Nani kaulizwa?"

"Basi nakuuliza. Utanioa... yaani, nitakuoa?"

Alicheka hadi pikipiki ikayumba. "Bwana Mkasi, hata hilo umelinyoa vibaya. Nitakubali. Lakini kata kushoto hapo mbele, twende kwa mama yangu. Na useme mwenyewe, mimi sitakusemea."

Akasema mwenyewe. Alisema yote, ya ndoa na ya kabla yake, ya waya na ya mama yake mzazi, maana hakutaka kuingia nyumba nyingine na namba zilizolala. Mama yake Dada Geji alimsikiliza mpaka mwisho, akamtazama kichwani mpaka viatuni, akasema hana jibu leo, ila kijana anayekuja na ubaya wake mkononi si wa kufukuzwa bila chai.

Waliporudi jua lilikuwa limelegea. Mzee Tarishi alikuwa kigodani, pale pale uani, miwani usoni, na pikipiki ikasimama mbele yake karibu kiasi kwamba joto la injini lilimfikia magotini. Geji ilimtazama uso kwa uso.

"Mmekwenda kilomita ngapi?"

Kinyozi akainama, akasoma.

"Kumi na tisa, baba. Tulipotea njia mara moja."

Mzee hakuinamia geji. Alivua miwani, akaitia mfukoni mwa koti.

"Haya," akasema. "Ingieni ndani mkale."